Swali Lisiloulizwa Kajiado

Juzi daktari mmoja kijana alinisimamisha nje ya duka la dawa hapa Kitengela. Hata salamu hakuimaliza. "Daktari, ni kweli sisi wa nusu-muda huwa tunaanguka?"

Macho yake yalikuwa mekundu, na begi lake la vitabu lilikuwa limemvuta bega moja chini. Niliutambua ugonjwa wake mara moja, kwa maana niliwahi kuugua. Nilimwambia ukweli: katika siku zetu, tulikuwa tunaanguka. Lakini sababu haikuwa ile iliyokuwa ikisemwa. Kwa kuwa alikuwa akikimbilia zamu, sikumaliza. Namalizia hapa, kwa ajili yake na wenzake wote wanaosomea ubingwa huku wakifanya kazi.

Mimi ni Mueni, daktari wa watoto, sasa mstaafu. Katika miaka ya tisini nilikuwa daktari wa kawaida katika hospitali moja ya Kajiado, na nyumba yangu ilikuwa hapa Kitengela, wakati ambapo ukitoka nje ya mji kidogo tu ulikutana na pundamilia. Nilikuwa na mume mwalimu na watoto wadogo. Kuacha kazi kabisa nikasome Nairobi kusingewezekana. Basi ulipoanzishwa mpango wa kusomea ubingwa nusu-muda, nikajiandikisha. Mwanzo wa wiki nilikuwa wodini Kajiado, Alhamisi na Ijumaa nilikuwa Nairobi darasani. Tulichukua miaka mingi kuliko wenzetu wa muda wote, lakini mtihani ulikuwa ule ule na watahini wale wale. Ukianguka mara mbili, unaondolewa.

Wenzetu wa Nairobi walituita "vibarua". "Leo vibarua wamekuja," walisema wakituona na vumbi la Barabara ya Namanga kwenye viatu. Tulicheka nao. Nyumbani hatukucheka.

Kabla sijawaeleza mtihani, niwaeleze jinsi nilivyojifunza kuuliza.

Wiki yangu ya kwanza Kajiado nilikaa mbele ya mama mmoja Mmaasai aliyeleta mtoto anayeharisha, nikafungua kalamu, nikauliza kama nilivyofundishwa chuoni: "Mama, una watoto wangapi?" Mama akatazama mlango. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikidhani hasikii Kiswahili. Akajifunika shuka.

Sista Nashipae, muuguzi mkuu wa wodi ile, alinivuta kando. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na haraka, na hakuwahi kunigombeza mbele ya mgonjwa.

"Daktari, unamhesabia watoto?"

"Nataka kujua tu wako wangapi."

"Hata ng'ombe hatuhesabu mbele ya watu. Sasa watoto? Ukihesabu, unaita kitu kije kipunguze."

"Basi nitajuaje?"

"Muulize huyu anamfuata nani. Halafu nani anamfuata huyu. Halafu unyamaze."

"Na waliokufa?"

"Hao hawatajwi." Akanitazama kama anayepima kama nitaelewa. "Ukinyamaza vizuri utaona pengo."

Na kweli. Mama angesema mkubwa sasa anachunga ng'ombe, anayemfuata bado ananyonya, nami ningeliona pengo la miaka katikati. Niliandika pengo lile bila kumlazimisha kulitamka. Nilijifunza pia kungoja habari. Babu angeingia na mjukuu anayehema, nami ningemwekea mtoto hewa huku babu akiniuliza kama kwetu Ukambani kumenyesha, na ng'ombe wanaendeleaje. Kwanza kila kitu kilikuwa kizuri. Ugonjwa ulikuja mwisho wa habari, na ukimkata mzee kauli, huupati. Baada ya miaka michache nilikuwa nimesahau kwamba kuna namna nyingine ya kuuliza.

Sasa mtihani. Karatasi za kuandika nilizipita vizuri tu. Shida ilikuwa kitandani. Unapewa mgonjwa usiyemjua, unakaa naye peke yako, unamuuliza, unampima, kisha watahini wawili wanakuja kukuchambua. Wagonjwa wenyewe walikuwa wameonywa wasitutajie ugonjwa. Mazungumzo na watahini yalikuwa ya Kiingereza. Nayaandika hapa kwa lugha yetu.

Mara yangu ya kwanza nilipewa msichana mdogo mweupe wa viganja, macho yana umanjano, anayelia mifupa. Mama yake alitoka upande wa ziwani. Nilimuuliza kwa adabu zote za Kajiado: huyu anamfuata nani, nani anamfuata huyu. Akanitajia majina, nikashukuru.

Mtahini mkuu alikuwa profesa mmoja mfupi, mwenye miwani aliyoisukuma paji la usoni kila alipotaka kukuona vizuri.

"Mama huyu amezaa wangapi?"

"Profesa, mtoto huyu anamfuata dada yake, halafu baada yake kuna mvulana..."

"Sikuuliza nani. Nimeuliza wangapi."

Nikapekua maandishi yangu: majina tu.

"Waliofariki?"

"Sikuuliza, Profesa."

Akasukuma miwani juu. "Amezaa sita, daktari. Amezika watatu. Wote walikuwa na maumivu haya haya na upungufu huu huu wa damu. Angekuambia bila shida kama ungefungua mdomo. Sasa niambie ugonjwa."

Nilisema malaria sugu. Halafu nikasema kifua kikuu cha mifupa. Ilikuwa selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao watoto wa ziwani wanao kwa wingi, na ambao kule Kajiado nilikuwa sijauona hata mara moja. Nilijua kurasa zake kwa kichwa. Sura yake sikuijua.

Nilianguka. Niliporudi nyumbani mume wangu alinisoma uso, akachukua begi, akaenda kuwachemshia watoto maziwa. Mkuu wa hospitali yetu hakuwa na maneno mengi zaidi: "Mueni, ukianguka tena nafasi imekwisha. Na sijui kama watanipa nyingine." Hatukuwa na daktari bingwa wa watoto hata mmoja. Mtoto akituzidi, tulimpakia kwenye gari la wagonjwa aende Nairobi, siku ambazo gari lilikuwa na mafuta.

Tangu siku ile niliamka kusoma kabla ya jogoo. Nilisoma mpaka maneno yakawa wadudu. Watoto wangu walijifunza kutembea kwa ncha za vidole ndani ya nyumba yao wenyewe, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Lakini nina tabia moja ya kuzaliwa nayo: jambo likinitisha, naenda kuliuliza. Niliwatafuta wa nusu-muda walioanguka kabla yangu. Sikuwauliza kwa nini walianguka. Mtu akiulizwa hivyo anajitetea. Niliwauliza swali gani lilikuwa la mwisho kabla mambo hayajaharibika.

Mmoja alifanya kazi Loitokitok. Alimalizwa na mtoto mwenye tundu kwenye moyo, kwa sababu huko kwao watoto wa namna hiyo hawakuishi kufika hospitali. Mwingine alitoka Pwani. Yeye alimalizwa na homa ya maziwa mabichi, iliyojaa kwa wafugaji, ambayo mimi ningeitambua mgonjwa akiwa bado mlangoni. Karatasi za kuandika walikuwa wamezipita wote. Niliona mambo mawili. La kwanza, kila mmoja wetu alijua magonjwa ya mahali pake, na alikuwa ameanza kuyaona kama ndiyo magonjwa yote ya dunia. La pili lilinishtua zaidi: hakuna aliyekuwa akitubishia. Wenzetu wa muda wote waliulizwa "kwa nini?" kila asubuhi mbele ya watu, wakaaibika, wakazoea. Sisi, kila mmoja katika hospitali yake, ndio tuliokuwa wakubwa. Tukisema malaria, inakuwa malaria.

Basi nikatafuta mtu wa kunibishia. Nilimpata Daktari Wanjala, mwenyeji wa Bungoma, wa muda wote, mwenye mdomo usiopumzika. Tulifanya mapatano. Jumamosi angekuja Kitengela. Mimi ningemfundisha magonjwa ya wafugaji, naye angeniuliza bila huruma. Alikubali haraka mno. Baadaye niligundua ni kwa sababu ya nyama ya mbuzi ya hapa.

Tulikaa kwenye bucha moja yenye meza nyuma. Wanjala alikuwa mtahini, mfupa mkononi.

"Wewe kibarua! Mtoto ana wengu uliovimba. Sababu tano, na usianze na malaria."

Nikianza na malaria, aligonga meza. Kwenye machimbo ya karibu walipolipua mawe na mabati yakatetemeka, hakunionea huruma: "Mtahini haogopi baruti. Endelea!"

Mwenye bucha alivumilia Jumamosi kadhaa, kisha akaja kuniinamia sikioni. "Mama, huyu bwana yako, mbona anakugombeza hivi mbele ya watu? Nimwite chifu?"

Wanjala alitaka nitamke swali lile. "Sema: Mama, umezaa wangapi, na wangapi wako hai?"

"Huyu mtoto anamfuata..."

"Hapana! Wangapi!"

"Umezaa..." Ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa.

"Mbona unatazama mlango? Umekuwa Mmaasai wewe?"

Ilinichukua majuma. Nililisema swali lile nikisonga ugali, nikianika nguo. Na siku zangu za Nairobi niliacha kukimbilia maktaba. Nilikwenda kwanza kwenye kitanda cha mtoto mwenye ugonjwa ambao Kajiado haupo, nikamuomba mama yake ruhusa, nikakaa. Kijana wangu wa duka la dawa, ukisoma hapa, shika hilo: siku zako za mjini ni chache, na kitabu unaweza kukisoma popote. Na mtafute Wanjala wako. Akikuheshimu sana, tafuta mwingine.

Mara ya pili, na ya mwisho, Wanjala alikuwa ameshapita mtihani wake. Alikuja kunisubiri kwenye korido kama mzazi aliyeleta mtoto siku ya kwanza ya shule.

Nilipewa mvulana aitwaye Mwenda, anayekaribia kubalehe, goti moja limevimba kama tikiti. Mama yake alitoka Meru. Kabla sijaketi alinyoosha mkono kunizuia.

"Nimekatazwa kusema ugonjwa."

"Usiseme, mama. Niambie tu kila kitu kingine."

Akacheka, na mimi nikapumua kidogo.

Goti lilikuwa limewahi kuvimba na kupoa, mara nyingi, hata bila kuanguka. Mwilini alikuwa na alama za damu kuvilia, kama mtu aliyepigwa. Nilivuta pumzi, nikauliza: "Mama, umezaa wangapi, na wangapi wako hai?"

"Wawili. Wote wako." Alijibu kama anayejibu bei ya nyanya.

Nikaona nifuate damu ya upande wake. "Na kwenu? Mmezaliwa wangapi?"

"Tano. Mimi ndiyo kitinda mimba."

"Ndugu wa kiume?"

"Wawili. Na dada yangu mmoja."

Nilikuwa tayari nimeshika nyundo ya kupimia magoti. Nikahesabu: ndugu wawili, dada, na yeye. Wanne. Nyundo ikabaki mkononi.

"Mama, umesema tano. Nimesikia wanne."

Alianza kunyoosha shuka la mtoto ambalo lilikuwa limenyooka. Ukutani saa ilikuwa ikienda. Sikuwa nimepima moyo. Sikuwa nimegusa tumbo wala miguu. Kila kilichokuwa ndani yangu kiliniambia niendelee na kipimo, maana alama za mtihani zilikuwa kwenye kipimo. Nilinyamaza. Mtoto alinitazama, kisha akamtazama mama yake, kisha akageukia ukuta.

"Kulikuwa na Kinoti," mama akasema kwa sauti ya chini kabisa. "Alienda tohara na wenzake. Hakurudi. Mambo ya kule wanawake hatuambiwi. Tulisikia tu damu ilikataa kusimama. Wazee wakasema ni laana. Baba akakataza jina lake lisitajwe kwa boma."

"Madaktari wa hapa umewaambia?"

"Waliniuliza kama kwetu kuna ugonjwa wa damu. Kinoti hakuwa mgonjwa. Na ningesemaje mambo ya wanaume?" Sasa alinishika mkono wa koti. "Daktari. Tunaishi kwa baba yangu. Amesema Desemba huyu naye aende, na binamu zake. Hajui ni nini hii ya goti. Nimpeleke?"

Muuguzi akafungua pazia. "Daktari, muda umeisha."

Sheria ilikuwa wazi, na tulikuwa tumesomewa asubuhi: mtahiniwa hamshauri mgonjwa. Mgonjwa ana madaktari wake. Ukivunja, unaweza kuondolewa chumbani. Nilisimama. Mama hakuachia koti.

"Mtoto huyu asiguswe na kisu," nikamwambia, "si Desemba, si siku yoyote, mpaka madaktari wa wodi hii wakae na wewe na babu yake. Waambie habari ya Kinoti leo. Si kesho."

"Daktari," muuguzi akaninong'oneza, "hiyo hairuhusiwi."

"Najua, sista."

Watahini waliingia, nami nikatoka nyuma ya pazia kuwakabili. Alikuwa profesa yule yule, na mwenzake ambaye sikumjua. Nilieleza goti, alama za damu, na familia: mjomba wa upande wa mama alivuja damu mpaka akafa baada ya tohara. Nikasema hemofilia, damu isiyoganda, ambayo mama huibeba na mwana huiugua.

Profesa alipekua faili. "Hapa inasema hakuna historia katika familia."

"Ipo, Profesa."

Miwani ikapanda paji la uso. "Moyo wake ukoje?"

"Sikuupima."

"Tumbo?"

"Sikufika."

"Neva za mguu huu?"

"Hapana, Profesa. Muda uliisha."

"Ulikuwa ukifanya nini muda wote huo?"

"Nilikuwa nimenyamaza."

Mwenzake aliandika kitu, akakipigia mstari.

"Tuseme mgonjwa huyu ni wako," Profesa akasema. "Ungemshauri nini mama yake?"

Jibu rahisi lilikuwa pale: ningemshauri hivi na hivi. Watu wengi wangesema hivyo na muuguzi asingeulizwa kitu. Lakini mama yule alikuwa nyuma ya pazia, akisikia sauti zetu, na nilikuwa nimemwambia aseme leo.

"Nimeshamshauri," nikasema. Nikawaeleza kuhusu Desemba.

Profesa aliweka kalamu chini, akainuka, akaingia nyuma ya pazia. Tulisikia sauti yake, kisha sauti ya mama, ndefu. Mtahini wa pili alitazama dirisha. Mimi nilitazama mikono yangu. Aliporudi, Profesa hakuniambia lolote. "Toka nje usubiri."

Desturi ilikuwa kwamba waliopita wanaitwa mmoja mmoja kuingia kunywa chai na watahini. Wasioitwa wanajua wenyewe.

"Ulimshauri?" Wanjala alishika kichwa. "Mueni! Mbuzi wote wale nimekula bure!"

Karani akaita jina, si langu. Likaitwa jingine. Kijana mmoja aliingia akilia. Kisha mlango ukafungwa, na tukabaki wachache kwenye benchi, kila mmoja akisoma sakafu. Mwanamke aliyekuwa kando yangu alianza kukusanya vitu vyake polepole. Nami nikachukua begi langu.

Mlango ukafunguka. Hakuwa karani. Alikuwa Profesa mwenyewe, kikombe mkononi.

"Daktari wa Kajiado. Nimetuma mtu akamwite babu wa yule mtoto. Mama anasema ni mkaidi, hatasikia binti yake. Jumatatu nataka uwepo, umwambie mwenyewe."

"Jumatatu niko Kajiado, Profesa."

"Kajiado imekusubiri miaka yote hii. Itasubiri siku moja." Akasogea kando ya mlango. "Na siku nyingine upime moyo. Umepita kwa kushika ukingo. Ingia, chai inapoa."

Mzee alikuja Jumatatu amevaa koti zito na kofia, akaketi wima kwenye kiti cha mbao, binti yake nyuma yake. Profesa aliniachia. Nilimsalimu, nikamuuliza safari, mvua, na majani ya chai. Kisha nikamweleza damu ya mjukuu wake, kwamba inakosa kitu cha kuifunga, na kwamba tohara ikija itakuja hospitalini, kwa matayarisho, dawa ya damu ikiwa tayari. Alisikiliza bila kupepesa.

"Na Kinoti," akasema. Binti yake alishtuka. "Kinoti angepona?"

Profesa alinitazama. Lilikuwa swali langu la kwanza nikiwa daktari bingwa.

"Sijui, mzee. Siku zile dawa yake ilikuwa ngumu kupatikana. Lakini haikuwa laana. Alizaliwa na damu hiyo, kama huyu. Hakuna aliyemkosea, na yeye hakumkosea mtu."

Mzee alivua kofia, akaiweka juu ya goti, akaisawazisha kwa kiganja. Kisha akamgeukia binti yake.

"Tukifika nyumbani," akamwambia, "tutamtaja."